Mifuko Minne ya Moshi

Nsimire alifika Salamabila akitokea Bukavu na marobota mawili ya mitumba, na kwa miaka sita akawauzia nguo wachimba dhahabu. Vidole vyake vilizijua nguo kuliko macho: akisugua ukosi wa shati tu, alitambua kama ni pamba au nailoni. Ndiyo maana enjenieri Gédéon, msimamizi wa tanuru lililochoma takataka za mji ili kutoa umeme, alimwajiri azichambue kabla hazijaingia motoni.

Kila Jumanne walimwaga kilo mia moja juu ya turubai. Nsimire alitenga huku maganda ya mihogo, mbao na pamba, kule plastiki, matairi na nailoni, kisha akapima kila fungu kwenye mizani. Gédéon alimweleza sababu. Ganda la muhogo likiungua, linarudisha hewani kaboni ambayo mmea uliivuta mwaka jana tu. Plastiki imetoka kwenye petroli, na kaboni yake ilizikwa ardhini tangu zamani zisizo na hesabu. Waliosaidia kujenga tanuru walitaka kujua hiyo kaboni ya zamani ni sehemu ngapi kwa mia.

Shida ilikuwa nguo zilizofumwa kwa pamba na nailoni pamoja. Hakuna mkono unaoweza kuzitenganisha. Basi Gédéon akaleta mifuko minne ya rangi ya fedha, na kila mmoja ukaungwa kwenye bomba la moshi kwa wiki nzima. Maabara ya ng'ambo ingeupima moshi wenyewe: kaboni ya mimea ina alama ndogo ya mionzi inayofifia kwa miaka; katika ile ya petroli, alama hiyo ilifutika kitambo.

Mwezi ulipokwisha, malaria ilimwangusha Gédéon, na ndege ya kuichukua mifuko ilikuwa iondoke Kasongo kesho yake. Nsimire akasema mifuko hiyo ataipeleka yeye. Alijuta kabla hajafunga mdomo.

Alichukuliwa na Djuma, dereva wa pikipiki aliyezoea njia ile. Tangu walipokiacha kijiji cha Lusangi hawakupishana na mtu. Djuma, aliyekuwa akipiga mluzi tangu alfajiri, akanyamaza.

"Mama, barabara hii imetulia sana," alisema.

Walipokata kona, gogo lilikuwa limelala njiani. Wanaume wanne wenye bunduki walitoka majanini, nguo zao hazifanani.

Mkubwa wao alifungua begi, akatoa mfuko mmoja uliovimba kama mto.

"Ndani iko nini?"

"Iko moshi, shefu. Moshi ya takataka."

"Mutu gani anatoka Salamabila na moshi, anaacha dhahabu?"

Nsimire alitoa barua ya Gédéon. Yule mtu hakuitazama. Aliubonyeza mfuko, ukatoa mlio, na mwenzake wa nyuma akarudi hatua mbili, akaikoki bunduki. Hapo Nsimire aliona kwamba wao pia wanaogopa, wanadhani ni bomu. Mtu mwenye hofu, kidole kikiwa juu ya chuma, hasikii maelezo.

"Fungua," mkubwa aliamuru. "Vuta weye."

Gédéon alikuwa amemwonya: moshi ule una sumu, usivutwe. Alimfikiria binti yake Emmanuella, aliyemwacha nyumbani akimenya mihogo. Vidole vilivyojua kila uzi vilishindwa kufungua koki ndogo ya mfuko. Ilibidi atumie meno. Akavuta. Ladha ya tairi ilimjaa kooni, masikio yakavuma, akakohoa mpaka akapiga goti. Wanaume walimtazama, wakingoja aanguke.

Hakuanguka.

Walichukua simu yake, buti za Djuma na mfuko ule mtupu, wakasogeza gogo. Djuma aliendesha pekupeku. Kasongo, alipokuwa akishuka, ndipo Nsimire aligundua kitenge chake kimelowa mkojo.

Mifuko mitatu iliwahi ndege. Baada ya miezi miwili jibu lilikuja: kaboni ya zamani ilikuwa sehemu thelathini na nane kwa mia. Kwa mizani, Nsimire alikuwa amepata thelathini na moja. Gédéon alifurahi: saba zilizobaki, alisema, ndizo zile nguo mchanganyiko. Kisha akauliza nani atapeleka mifuko mingine.

"Enjenieri, kuchambua nitachambua mpaka vidole viishe. Barabara ile, hapana."

Siku hizi pikipiki ikizima ghafla nje ya uzio wa tanuru, Nsimire hukaza pumzi mpaka asikie sauti anayoijua. Mwezi uliopita alimwona Djuma akifunga mifuko mipya nyuma ya kiti. Alitaka kumzuia, akarudi kwenye turubai lake. Siku tatu hakula vizuri. Ya nne Djuma alirudi mzima, akacheka kama kawaida, na Nsimire akamnunia mpaka jioni.