Mkono Mwingine Hautamgusa

Jina la Mama Nadhiri alipewa kanisani, na mwanzoni alilipenda. Lilimkaa vizuri kama gauni aliloshona mwenyewe. Baadaye likaanza kumbana kwapani, na kadiri miaka ilivyokwenda likazidi kubana. Lakini nani avue nguo mbele ya watu?

Mumewe alikuwa fundi rangi, mtu wa mzaha na mluzi, aliyezoea kupanda ngazi kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika kopo. Siku moja, akiwa juu anapaka ukuta wa ghorofa, ngazi iliteleza akaanguka chali. Uhai ulibaki na ulimi ulibaki, lakini kuanzia kiunoni kushuka chini hakikubaki kitu. Mikono nayo ilibakiwa na nguvu ya kushika kikombe tu. Kujigeuza kitandani hakuweza tena.

Jumapili ya kwanza baada ya kumrudisha kutoka hospitali, mkewe alisimama wakati wa ushuhuda, machozi yanamtiririka, akasema mbele ya kanisa zima: "Huu ni msalaba wangu. Nitaubeba mwenyewe. Maadamu ninapumua, mkono mwingine hautamgusa."

Watu waliitikia amina hadi mabati yakatetemeka. Mchungaji alishuka madhabahuni akamshika mkono. Tangu siku hiyo, kila mahubiri yalipogusa ndoa, uvumilivu au upendo, mchungaji alinyoosha kidole kwenye benchi la mbele na kusema, "Mnatafuta mfano wa mbali wa nini? Mama Nadhiri si huyu hapa?"

Anayeapa huku analia ana haki ya kusubiriwa machozi yakauke, kisha aulizwe tena. Mama Nadhiri hakuulizwa tena na mtu.

Wiki ile ile alikuja seremala, rafiki wa mumewe tangu ujana, amebeba kiti cha kuogea alichokichonga mwenyewe.

"Shemeji," alisema, "asubuhi niachie mimi. Nitamwogesha, nitamnyoa. Mambo ya wanaume hayo, wewe pumzika."

"Ahsante kwa kiti, shemeji. Ila nimeapa."

"Umeapa kwamba mimi nisimnyoe?"

"Nimeapa."

Seremala alitazama kiti chake, akatazama mlango ambao shemeji yake ameuziba kwa mwili wote, akaaga. Akina mama wa kanisa nao walikuja, wakataka kupangiana zamu. Wakaambiwa yale yale. Watu ni kama kuku: ukiwafukuza mlangoni mara mbili tatu, hata ukiwamwagia mtama hawaji. Mwaka haukuisha, nyumba ikawa kimya.

Chumba cha mgonjwa kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani. Fundi rangi alipenda kusema kwamba Mungu ana utani, maana kamlaza mtu wa kazi yake mbele ya ukuta usiopakwa rangi, amalizie maisha akiukagua. Mama Nadhiri alihamishia humo cherehani yake, akawa anashona sare za shule miguu ikikanyaga, jicho moja kwenye sindano na jingine kitandani. Harufu ya dawa ya kuoshea ilishika vitambaa. Wateja walivipokea mlangoni, wala hawakukaribishwa kuketi.

Kazi kubwa ilikuwa kumgeuza. Mtu aliyelala upande mmoja muda mrefu hupata vidonda, na vidonda vya mgongoni huua. Ili kumgeuza ilibidi kushika shuka aliyolalia, mmoja upande wa mabega, mwingine upande wa nyonga, kisha kuvuta kwa pamoja. Mtu mmoja hawezi. Ukivuta peke yako unampinda kiuno, au unamdondosha.

Huyo wa pili alikuwa binti yao. Alianza kushika shuka akiwa bado anasoma darasa la chini, anasimama juu ya kigoda ili afikie. Mama yake alimfundisha kuvuta kwa sala. Mama alisema, "Bwana tupe nguvu," mtoto akajibu, "ya kubeba," na kwenye neno hilo wakavuta. Asubuhi, mchana, jioni, kabla ya shule na baada ya shule. Wenzake walipomjua Mungu kwa nyimbo na picha za rangi, yeye alimjua kwa uzito. Kwake Mungu alikuwa yule anayekaa upande wa pili wa shuka na kusema, "Vuta."

Na hapa ndipo lilipokuwa kosa ambalo Mama Nadhiri hakuliona. Aliapa kwamba mkono mwingine hautamgusa mumewe, na mkono wa mtoto hakuuhesabu. Aliuona ni wake. Si damu yake? Si nyama yake?

Miaka ikaenda. Binti alimaliza shule, akapata nafasi katika chuo cha ualimu, mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Siku ya kwenda ilikuwa inakaribia, na nyumbani hakuna aliyesema aende wala abaki. Mama Nadhiri alisema tu, "Tumwombe Mungu atuonyeshe njia." Kumbe njia alishaonyeshwa. Alikuwa anaomba aonyeshwe nyingine.

Jumamosi mchana alirudi kutoka kupeleka sare. Alipokaribia uani alisikia sauti ya binti yake nyuma ya shuka zilizoanikwa, anasema polepole kama anayekariri:

"Bwana asifiwe, wapendwa. Nimepata nafasi chuoni, lakini Bwana amesema nami. Huu ni msalaba wangu. Nitaubeba pamoja na mama. Maadamu ninapumua..."

Akasita. Akaanza tena tangu "wapendwa".

Jambo la kwanza alilolisikia Mama Nadhiri moyoni lilikuwa furaha. Tuseme ukweli, lilikuwa furaha. Alikuwa kama mtu aliyesimama kutwa akaletewa kiti. Mungu amejibu! Mtoto ameshika imani! Akasogeza shuka kidogo ili amwone.

Binti alikuwa anakamua taulo. Bega moja limepanda juu kuliko jingine, mdomo umevutwa upande, macho yameganda kwenye beseni. Mama Nadhiri alilijua bega hilo. Alilijua kwa sababu kila nguo aliyojishonea ilibidi ailegeze upande huo.

Aliachia shuka, akaingia ndani.

"Umesikia?" alimuuliza mumewe.

"Kilichokufa ni miguu, mke wangu. Masikio mazima. Ameanza jana huyo, leo ndio amepata na mikogo ya kushuhudia."

"Mtoto ana imani."

"Ana woga. Kwa mbali vinafanana."

Mama Nadhiri alikaa kwenye kiti cha cherehani. "Sasa nifanye nini? Niliapa."

"Uliapa, ndiyo. Mimi uliniuliza?"

"Nikuulize nini? Ulikuwa hoi."

"Ulimi haukuwa hoi. Sikiliza, mama. Miaka yote hii unanisugua kama sufuria lililoungua. Nashukuru, nimetakata, hata nikifa leo malaika hawatanirudisha nikaoge. Lakini mimi nilitaka seremala aje aninyoe, aniletee umbea wa kazini, anitukane, nimtukane. Tangu nianguke sijatukanwa na mwanamume mwenzangu. Unajua mtu anavyokauka?"

Mama Nadhiri alicheka bila kutaka, kisha hasira ikampanda. "Kwa hiyo nimekosa kwa kukupenda?"

"Kunipenda hukukosa. Ulikosa ulipofunga mlango, nasi wote tumo ndani." Akapumzika, maana maneno mengi yalimchosha. "Bwana mwenyewe, msalaba ulipomlemea njiani, alibebewa na mtu aliyekuwa anatoka zake shamba. Hakusema mkono mwingine usiuguse. Wewe nani?"

"Watanicheka."

"Watacheka. Nami nitacheka nao, tuwe wengi."

Mama Nadhiri aliinuka. Alikwenda uani kumtafuta binti yake, akidhani jambo litakwisha kwa neno moja la mzazi.

"Kesho usishuhudie," alimwambia. "Utakwenda chuoni."

Binti aliweka taulo kwenye kamba, akalinyoosha pembe kwa pembe. "Nikienda, mabega nani atashika?"

"Nitajua mwenyewe."

"Mama, uliapa mtu mwingine asimguse. Mimi nisipokuwepo, ama utamwacha apate vidonda, ama utavunja nadhiri." Aliyasema bila ubaya, kama anayesoma hesabu ubaoni. "Mimi sijataka kukuaibisha. Wewe ndiye umenifundisha kwamba anayependa haondoki."

Ni kweli Mama Nadhiri alimfundisha. Hakuwahi kutamka maneno hayo hata siku moja, lakini mtoto hurithi imani kwa macho kabla ya masikio. Alichokiona huyu tangu utotoni ni mwanamke aliyejifungia akatupa ufunguo, na watu wakiitikia amina. Basi naye alikuwa anatafuta chumba chake.

Jumapili walikaa benchi la mbele kama kawaida. Walikuwa wameshika shuka na kumgeuza mgonjwa kabla ya kutoka nyumbani. Kina mama walitia kanga mabegani, kwaya ikaimba, na mchungaji akatangaza wakati wa ushuhuda. Binti alivuta pumzi, akaanza kuinuka. Mama yake alimshika sketi akamkalisha chini kama mtoto mdogo, akasimama yeye.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amina," waliitikia kwa uchangamfu. Walijua watapata kitu kizuri.

"Mahali hapa niliapa kwamba mkono mwingine hautamgusa mume wangu. Mkaniita Mama Nadhiri. Nadhiri hiyo sikuitimiza hata siku moja. Kila siku ameguswa na mkono wa mtoto huyu. Nilitoa sadaka ambayo nusu yake haikuwa yangu. Leo namrudishia nusu yake, aende chuoni. Na mimi naomba mikono. Siwezi peke yangu. Sikuwahi kuweza."

Amina haikuja. Mtu alikohoa. Nyuma yake mwanamke mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Amechoka huyo, amepata sababu," na akahakikisha limesikika. Mchungaji alifunua Biblia akaifunika. Mfano wake wa miaka mingi ulikuwa umesimama mbele yake unakataa kuwa mfano. Mama Nadhiri alibaki wima, mikono imening'inia, hajui kama akae au atoke.

Ndipo sauti ikatoka benchi la mwisho karibu na mlango.

"Shemeji, mimi wembe ninao," alisema seremala. "Tangu mwaka ule ninao. Umeshika kutu kidogo, lakini na yeye ngozi yake ngumu."

Watu wachache walicheka. Mchungaji naye akasema amina, kwa sauti ya chini, kama anayelipima neno kwanza.

Sadaka ni ya mtoaji. Ukikitoa cha mwenzako, hata kama mwenzako ni mwanao, hapo hujatoa, umechukua. Wengi wetu hatulioni hili, kwa sababu tunapochukua machozi hututoka kweli.

Isidhaniwe kwamba binti alifurahi. Siku zile zilizobaki hakusema na mama yake ila la lazima. Usiku mmoja tu, akikunja nguo zake, aliuliza bila kuinua macho, "Sasa mimi nimtumikie Mungu kwa nini, kama si kwa kubeba?"

"Sijui, mwanangu," mama yake alijibu. "Ukijua utanifundisha."

Lilikuwa jibu la kwanza lisilo na fundisho alilowahi kumpa. Binti alimtazama kidogo, akaendelea kukunja.

Asubuhi ya safari, seremala alikuwa ndani tangu mapema. Mama Nadhiri alikaa kizingitini, amekatazwa kuingia, anasikia maji kwenye beseni na sauti za wanaume wawili wanatukanana kwa raha.

"Shavu gani hili? Hili ni gogo!"

"Nyoa, wewe mla misumari! Ukinikata nakutoza rangi ya kitanda kizima!"

Mikono ilimwasha. Alijua taulo lipo wapi, alijua maji yanatakiwa moto kiasi gani. Mara mbili alinyanyuka, mara mbili akarudi akakaa. Hakuna aliyemwambia kwamba kuachia kunauma mabegani kuliko kubeba.

"Shemeji, njoo!" seremala aliita. "Mgeuzo huu nisaidie."

Aliingia, akashika shuka upande wa nyonga. Seremala alishika mabega. "Bwana tupe nguvu," Mama Nadhiri alisema kwa mazoea, akangoja. Seremala hakujua kinachongojwa, akavuta, na fundi rangi akaenda mzima mzima hadi ukingoni.

"Unaniua, mshenzi wewe!"

"Samahani, samahani! Mnavuta kwenye neno gani?"

Binti alikuwa mlangoni, begi mkononi, amekuja kuaga. Kabla hajafikiri, begi lilikuwa chini na mkono wake umeshanyooka kuelekea shuka.

"Acha, mama," Mama Nadhiri alimwambia. "Tumeshika."

Binti alisimama hapo, mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Aliwatazama wakimrudisha baba yake katikati ya kitanda, vibaya vibaya, mmoja anavuta mapema na mwingine anachelewa, lakini wakamfikisha. Kisha akaja, akambusu baba yake kwenye shavu lililonyolewa, akamgusa mama yake bega, lile lililopanda. Akaokota begi.

Mama Nadhiri hakumsindikiza hadi barabarani. Shuka ilikuwa bado imejikunja chini ya mgongo, na mtu wa kuinyoosha upande ule alikuwa yeye. Dirisha lilitazama ukuta wa jirani kama jana. Ila mlango hakuna aliyeufunga, na kwa muda mrefu walisikia nyayo za binti yao zikienda.