Mstari Uliojua Kesho

Mwalimu alistaafu kufundisha hesabu, ila hesabu haikustaafu kumfuata. Alikaa chumba cha uani nyumbani kwa dada yake, na kitanda kimoja na kompyuta iliyokohoa kuliko yeye. Kutwa alichora humo chati za bei za hisa. Hisa zenyewe hakuwa nazo hata moja, mithili ya mpishi aliyefunga saumu.

Mwenye hisa alikuwa dada: hisa za kiwanda cha saruji, alizoachiwa na marehemu mumewe, aliyefanya kazi pale mpaka mapafu yakagoma. "Ndiyo mume niliyebaki naye," alisema, na hakuna aliyethubutu kumwambia auze. Mwaka huu bei zikaanza kuyumba, naye usingizi ukampaa.

Programu ya chati ilikuwa na mistari yake ya wastani, nayo Mwalimu aliidharau. Wastani wa kawaida hujumlisha bei za siku zilizopita, huzigawa, kisha husogea siku moja na kuanza upya. Daima hujikokota nyuma ya bei kama mgonjwa nyuma ya msafara. Akafungua kidirisha cha fomula, akaandika wa kwake: kila siku ihesabiwe pamoja na siku chache za kabla yake na chache za baada yake. Mstari ukalala katikati ya bei kama uti wa samaki. Bei ilipogeuka, nao uligeuka siku ileile. Pale ukingoni kulia, ambako siku za baada hazijafika, alijaziliza kwa kurudiarudia bei ya mwisho. Jambo dogo, alijiambia.

"Huo mstari wako unasemaje?" dada aliuliza siku moja mlangoni.

"Unainama, dada. Miaka yote hii ya nyuma haujakosea hata mara moja."

"Hata mara moja? Marehemu mwenyewe hakufika huko."

"Hii ni hesabu, dada. Si mtu."

Dada aliingia, akautazama mstari. "Haya. Dalali wa hisa aje Jumatatu, niziuze." Akaomba chati ichapishwe, akaibandika jikoni kando ya kalenda, ili aizoee habari hiyo.

Jumatatu asubuhi Mwalimu alikwenda jikoni kuchukua chai. Kwenye karatasi mstari uliinama. Aliporudi chumbani, kwenye kioo cha kompyuta, tarehe zilezile, ulikuwa unapanda. Alilaumu printa. Akalaumu miwani. Alipokwisha kuvilaumu vyote visivyoweza kujitetea, alifungua fomula.

Mstari haukukosea huko nyuma kwa sababu huko nyuma ulipewa majibu. Kila siku ilisahihishwa na siku zilizoifuata, na kosa likafutika bila kuacha alama. Enzi zake aliwatoa wanafunzi kwenye chumba cha mtihani kwa kosa hilohilo. Ni ukingoni tu, mahali pekee mtu anapoishi na kuamua, ndipo mstari ulikuwa haujui kitu.

Sebuleni dalali alishatandaza karatasi, na dada ameshika kalamu. Mwalimu angeweza kukaa kimya. Huenda bei ingeshuka kweli na heshima yake ikabaki nzima. Alisimama mlangoni muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mwenye haraka.

"Dada, usitie saini."

"Umeinuka?"

"Umeinuka, ila si hilo. Fomula yangu inaibia siku za mbele. Leo haina pa kuibia."

"Mzee, soko halisubiri mtu," dalali alisema.

Dada hakumtazama. "Kwa hiyo ulikuwa hujui?"

"Sikujua."

"Na ulikuwa na uhakika."

"Nilikuwa nao."

Dada aliifunika kalamu taratibu. "Daktari wa marehemu naye alikuwa na uhakika. Sema yeye hakurudi kuniambia." Kisha akamgeukia dalali: "Kunywa chai, baba. Leo huna kazi hapa."

Mchana ule Mwalimu alizifuta siku za mbele kwenye fomula. Mstari ukarudi nyuma ya bei, ukaanza kujikokota kama ile aliyoidharau. Dada aliibandua karatasi ya jikoni, mpya hakuiomba.

Ila kila jioni, akienda kuanua nguo, hupita dirishani kwake.

"Mwalimu, leo vipi?"

"Sijui, dada."

"Haya," husema, na kuendelea na nguo zake.