Mafuta ya Seline Hayakuwa Dawa

Mke wangu aliitwa Seline. Tulimzika mwezi wa tano hapa nyumbani, Nyamasaria, upande wa kushoto wa nyumba yake. Presha ndiyo ilimwangusha. Alikuwa anaosha sufuria, akakaa chini, hakuinuka tena.

Watu wengi walimjua kwa mafuta. Wale waliosimama kuongea siku ya mazishi walisema aliponya. Nilikaa kwenye kiti changu, nikanyamaza. Nataka kueleza alivyokuwa kweli.

Kazi yenyewe alijifunza kwenye kikundi cha akina mama. Alipanda mchaichai nyuma ya choo, mpaka ukafika kwenye ua. Mimi nilikuwa mkataji. Majani tunayaacha yanyauke siku moja kivulini, halafu yanaingia kwenye sufuria kubwa yenye kifuniko cha kufunga kwa skrubu. Juu ya kifuniko kuna bomba la shaba, linapita ndani ya ndoo ya maji baridi, linatokea upande wa pili. Moto ukiwaka, mvuke unapita mle, unageuka maji. Mafuta yanaelea juu ya maji hayo. Seline aliyavuta kwa sindano, polepole, macho yamekaza. Gunia zima halikujaza kikombe cha chai.

Mafuta hayo peke yake ni makali. Ukiyapaka hivyo yanachoma kama kaa la moto. Yeye alitia matone mawili kwenye kijiko cha mafuta ya nazi, ndipo akampa mtu. Waliokuja sana ni watu wa malengelenge ya mdomo, yale yanayotoka baada ya homa au mawazo mengi. Hospitali ugonjwa huo wanauita herpes. Kila aliyekuja, Seline alimwambia jambo moja: Huu ugonjwa ukiingia hautoki. Unalala mwilini, unaamka ukipenda. Mafuta yanapunguza mwasho, basi.

Siku moja alikuja Wakhungu, kijana wa bodaboda, mdomo umejaa. Jumamosi anaenda kwa wakwe, anataka awe amepona. Seline akamwambia haitawezekana. Aende tu, lakini asinywe kikombe kimoja na mtu.

"Sasa Mama, kwa wakwe nitakunywa nini?"

"Kunywa maneno yao," Seline akasema. "Yatakushibisha."

Alikuwa hivyo. Alicheka kwa macho, mdomo umetulia.

Nduta, mama wa Nyeri mwenye duka mjini, alitaka kununua chupa zote alizotengeneza Seline. Bei ilikuwa nzuri. Sharti lilikuwa moja: chupa iandikwe kwamba inamaliza malengelenge ya mwili wote. Seline alikataa. Nduta akarudi mara tatu.

"Nduta," Seline akamwambia ile mara ya tatu, "tukiandika hivyo, wewe utauza, na mimi ndiye nitaulizwa."

Nduta akatafuta mtu mwingine wa kumletea.

Mimi nilijua kwa nini alikataa. Yeye mwenyewe alikuwa na ugonjwa huo, si wa mdomo tu. Mimi ndiye nilimletea. Nilikuwa kwenye boti ya uvuvi Luanda Kotieno miaka ile, mbali na nyumbani, na mwanamke aliyekuja kuchukua samaki alikuwa akichukuliwa na sisi pia. Sitaongeza hapo.

Seline alikuwa na mimba yetu ya pili. Karibu na kujifungua vidonda vikamtoka, mara ya kwanza. Aliona haya, hakuonyesha mtu. Alizalia nyumbani. Mtoto tulimwita Ouma. Hakumaliza wiki mbili. Alikataa kunyonya, akashikwa na degedege, akaenda. Wazee wakasema ni chira, laana ya mwiko uliovunjwa. Walitafuta tumevunja upi. Tulikunywa manyasi, dawa ya miti ya kuondoa chira, tukaoga manyasi. Miaka mingi baadaye nesi mmoja alimweleza Seline: vidonda vikiwa wazi siku ya kuzaa, mtoto anaweza kupata ugonjwa akipita. Alirudi nyumbani akaniambia. Hakunitukana. Alisema tu, "Kumbe tungeongea." Halafu akaenda kuchota maji.

Kuanzia hapo, mwanamke mwenye mimba akija kutafuta mafuta, Seline hakumuuzia. Alimsindikiza mpaka njiani, wakaongea pale peke yao, akamwelekeza kliniki.

Sasa amekufa. Mtoto wetu Calvince anaendesha lori la mahindi mpaka Busia, na amejenga hapa hapa bomani. Mke wake ni Celestine. Mimi namwita Nyar Uyoma, binti wa Uyoma, kama heshima inavyotaka. Wiki tatu baada ya mazishi alikuwa na mimba ya miezi minane. Nikamwona anatoka nyumba ya marehemu na chupa ndogo kwenye kiganja. Alikuwa anatembea miguu mbali mbali, kama mtu aliyechubuka.

Niliujua mwendo ule.

Kwetu, baba mkwe haongei na mke wa mtoto wake mambo ya mwili. Haingii nyumbani kwake. Hata kitanda chake hakioni. Mambo hayo ni ya mama mkwe, na mama mkwe nilikuwa nimemzika. Calvince alikuwa safarini. Nikamwita shemeji yangu Lornah, mke wa marehemu ndugu yangu. Nikamwambia amkataze Nyar Uyoma yale mafuta, ampeleke hospitali. Sikusema kwa nini. Nilisema, "Wewe ni mwanamke, utaelewa." Nikaona nimemaliza.

Lornah alienda. Jioni Nyar Uyoma akaleta chupa, imefungwa kwenye leso. Akaiweka kwenye kizingiti changu, akapiga magoti kwa shida, akaomba msamaha kwamba alishika vitu vya marehemu kabla havijagawanywa.

Nikaduwaa. Lornah hakuthubutu kusema jambo lenyewe. Alichukua mwiko ulio karibu akausema huo. Kwetu vitu vya aliyekufa havishikwi mpaka siku ya kugawa, kila mtu anajua. Nyar Uyoma aliusikia, akautii vizuri, akarudi kwake. Na hospitali hakuna mtu aliyeitaja.

Siku ya nne nilikuwa napita na ng'ombe nyuma ya nyumba yake. Harufu ya mchaichai ikanipiga. Chupa yetu ilikuwa kwangu, nimeifungia sandukuni. Alikuwa amenunua mjini, kwa Nduta. Ile iliyoandikwa kwamba inamaliza.

Nilifunga ng'ombe. Nilikaa muda chini ya ukuta wa zizi. Nilimfikiria Ouma, alivyokuwa akikunja vidole. Halafu nikachukua kigoda, nikakiweka nje ya mlango wa Nyar Uyoma, nikakaa nimeupa mlango mgongo, ili nisimwangalie. Yeye alikuwa ndani, pazia limeshuka.

"Nyar Uyoma," nikasema. "Nisikilize. Yale mafuta unapaka, najua unapaka wapi."

Kijiko kilikuwa kinagonga sufuria, kikaacha.

"Mama yako aliyelala pale alikuwa na vidonda hivyo. Mimi nilimletea. Tukazika mtoto, tukasema ni chira. Haikuwa chira. Ulikuwa ugonjwa huo na haya yetu."

Nilisikia anavuta pumzi.

"Kesho enda hospitali. Waambie wakuangalie, waambie na mimba ni ya miezi mingapi. Mafuta haya acha, hata ya mama yako. Hayakuwa dawa."

Kuku walipita kati ya miguu yangu.

"Baba," akasema, "Mama Lornah aliniambia ni vitu vya marehemu."

"Lornah aliogopa. Mimi pia niliogopa."

"Na Calvince ataambiwa na nani?"

"Mimi nitamwambia habari yangu. Yake mtaongea nyinyi."

Akalia. Mimi sikugeuka. Alipotulia nikachukua kigoda changu nikaondoka.

Walienda asubuhi na Lornah. Jioni Lornah alikuja kunieleza, amefunika nusu ya uso kwa leso. Daktari aliuliza ni nani alimwambia apake mafuta makali pale, kwa sababu ngozi ilikuwa imeungua juu ya vidonda. Walimpa vidonge vya kumeza kila siku mpaka siku ya kuzaa. Wakamwambia uchungu ukianza asikae nyumbani hata kidogo, na akifika aseme mara moja. Lornah alitaka kuniomba msamaha. Nikamwambia anywe chai.

Habari ilifika kwa kaka yangu Gordon kwamba nilikaa mlangoni kwa mke wa mtoto wangu nikasema mambo ya chini ya nguo. Alikuja na fimbo yake. Akasema kilio kimenila akili, na mbuzi itabidi achinjwe kuusafisha mwiko huo. Nikamwachia achague mbuzi.

Calvince alirudi Ijumaa. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Nilipomaliza akaenda kwake. Siku mbili alinipita bila salamu. Siku ya tatu alikuja, akakaa karibu na kaburi la mama yake, mchanga bado mpya.

"Baba, kumbe Ouma alikufa hivyo."

"Ndiyo."

Akachukua donge la udongo akalivunja vunja mpaka likawa unga.

"Na mimi nimekanyaga pale pale ulipokanyaga," akasema.

Sikumuuliza ni wapi, Busia au njiani. Nilikaa naye mpaka jua likapungua.

Uchungu ulianza kabla ya siku zilizohesabiwa. Calvince mwenyewe alimpeleka. Nyar Uyoma alipofika akasema, kama alivyoambiwa, wakamwangalia. Vidonge vilipunguza, lakini kidonda kimoja kipya kilikuwepo. Hawakungoja. Wakampasua. Mtoto wa kike, kilo tatu kasoro. Daktari alimweka mtoto siku kadhaa, akamtoa damu, akampima, akasema hana kitu.

Walimrudisha nyumbani Jumanne. Mimi sikuenda kumpokea. Mawazo ya miezi hiyo yote yalikuwa yametoka mdomoni kwangu, malengelenge matatu kwenye mdomo wa chini. Nilisimama mbali, mikono nyuma. Akina mama walikuwa wanaimba, mtoto anapita mkono kwa mkono. Lornah akaniletea. Nikarudi nyuma.

"Mzee, hata mjukuu unamkimbia?" mama mmoja jirani akasema, wengine wakacheka.

Nyar Uyoma alikuwa amekaa kwenye mkeka. Aliniangalia mdomo, mara moja tu, akaelewa. Akamwambia Lornah amrudishe mtoto, na wengine wote wanawe mikono, na hakuna mtu atambusu mtoto usoni. Alisema kwa sauti, bila haya. Kicheko kikaisha. Mmoja mmoja wakaenda kwenye mtungi.

Nikangoja. Malengelenge yakapasuka, yakakauka, gamba likaanguka. Nikangoja siku nyingine tatu juu ya hizo. Asubuhi moja nilikuwa nimekaa nje, nimemaliza kunawa. Nyar Uyoma akatoka kwake polepole, mkono mmoja kwenye mshono. Akafika nilipo, akageuza uso pembeni kama heshima inavyotaka, akaniwekea mtoto mikononi.

Alikuwa mzito kuliko nilivyofikiri. Alikuwa ametoka kunyonya, ana maziwa shavuni. Wamempa jina Seline.