Jina Ambalo Mkwe Wetu Hakulitaja

Vishal alinyamaza mbele ya afisa wa uhamiaji kwa sababu yangu. Nalisema mwanzoni kabisa ili mtu asije akamlaumu yeye wala yule afisa. Mimi Scholastika, bibi yake Luciana, mkazi wa Ilongero tangu kuzaliwa, ndiye niliyemfundisha kunyamaza, na nilimfundisha vizuri.

Vishal ni mume wa mjukuu wangu. Wanaomwona barabarani wanadhani ni wa yale maduka ya Wahindi ya Singida mjini, wanamuuliza bei ya mabati. Siyo. Wale wa madukani ni Watanzania kama mimi, wamezaliwa hapa, na wengine Kinyaturu chetu wanakisema kuliko wajukuu zangu. Vishal ametoka India yenyewe, mji unaitwa Pune, huko Luciana alikokwenda kusomea uuguzi. Luciana alikaa huko miaka sita. Mwaka wa tano akatuma picha, amevaa nguo nyekundu, kichwa kimejaa maua, pembeni yake kijana mrefu mwembamba kama bua la mtama. Wameoana ofisi ya serikali ya huko. Mimi niliolewa kwa ng'ombe, mama yake aliolewa kwa ng'ombe, yeye ameolewa kwa karatasi! Nilikasirika wiki nzima. Sikupokea simu.

Halafu wakaja. Yule kijana alishuka kwenye bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi, akaniona nimesimama mlangoni na uso wangu nimeukunja makusudi. Akaja moja kwa moja, akainama mpaka chini, akagusa miguu yangu kwa mikono miwili, ndipo akasema, "Shikamoo, Bibi." Miguu yangu hii yenye nyufa! Majirani walikuwa wanatazama. Hakuna kijana wa Ilongero aliyewahi kuniamkia hivyo, na nilihakikisha wote wanalisikia hilo kabla jua halijazama.

Ila alikuwa na kasoro moja. Hali kuku. Singida hii, kuku wake wanasafirishwa nchi nzima, mkwe wetu hali kuku! Nilishamkamata jogoo, nikamwachia. Tukampa ugali wa uwele na mboga ya mlenda, akala mpaka akalamba vidole. Nikasema basi, huyu ataweza.

Nikaanza kumfundisha. Kwetu mkwe mwanaume hamtaji mama mkwe wake kwa jina. Hali naye chombo kimoja. Wakikutana njiani anapisha, anatazama pembeni. Mama mkwe wake ni mwanangu Elizabeti, tunaishi wote tangu mumewe Nathan afariki. Elizabeti mwenyewe ni mtu wa kucheka, aliniambia, "Mama, mwache mtoto wa watu, hizo ni za zamani." Nikamjibu, "Mimi pia ni wa zamani, na bado nipo." Bibi ni kinyume chake. Bibi ni wa kutaniwa, bibi ni mke. Vishal hilo alilishika upesi. Asubuhi anapiga hodi: "Mke mkubwa, umeamka?" Nami namjibu, "Nimeamka, mume wangu, lakini nguo uliyoniahidi sijaiona."

Jambo lililotutesa lilikuwa muhuri kwenye pasipoti yake. Ulikuwa muhuri wa mgeni, miezi mitatu tu. Jirani yangu Idrissa, ambaye anajua kila kitu isipokuwa kulima, alisema, "Amemuoa Mtanzania, si ameshakuwa Mtanzania?" Nikamwamini. Tukakaa, siku zikaenda. Luciana alipopata kazi kwenye zahanati ndipo alipokaa kitako na ile pasipoti, akaniambia kwamba zimebaki siku kumi na tisa. Zikiisha bila kibali, Vishal anatakiwa kuondoka.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Bibi, mume wangu akienda nitabaki na nani?"

Miaka sita niliishi na sauti yake ndani ya simu. Nikavaa kitenge cha kanisani, nikasema, twendeni mjini sasa hivi.

Ofisini tulipokewa na binti mmoja anaitwa Loyce, mpole. Akatueleza taratibu kama mtu anayemwelekeza mgeni kisimani. Kuoa raia hakumfanyi mtu kuwa raia, alisema. Uraia una safari yake ndefu. Lakini kukaa kuna njia. Akija kuajiriwa, mwajiri amwombee kibali. Akija kuwekeza, aonyeshe mtaji wake. Au mke wake raia amwombee hati ya mtegemezi, wakae wote.

"Mtegemezi!" Sikuweza kuvumilia. "Binti yangu, mwanaume huyu si mtegemezi. Mashine yangu ya kukamua alizeti ililala misimu miwili, mafundi watatu walishindwa. Yeye ameifungua, ameisafisha, sasa inanguruma!"

Luciana alinifinya mkono mpaka leo naona alama. Loyce aliweka kalamu chini. "Bibi, analipwa?"

"Analipwa nini? Mkwe anasaidia nyumbani, analipwa mlenda!"

"Sawa," akasema, nami nikamwona anazuia kicheko. "Maana kazi ya malipo ina kibali chake. Na hilo neno mtegemezi ni la karatasi tu, Bibi. Halimpunguzii uanaume."

Basi tukakubali neno. Cheti cha ndoa cha Pune kilikuwepo na mihuri yake, barua ya mtendaji wa kijiji tukaipata siku ya pili, picha zikawepo. Nilidhani tumemaliza. Tukaitwa tena, safari hii kuhojiwa, mke peke yake, mume peke yake. Wapo watu wanaoana kwenye karatasi tu ili wapate pa kukaa, kwa hiyo lazima waulize. Wala siwalaumu.

Aliyehoji ni afisa kijana, Antipasi, amevaa miwani. Luciana aliingia, akatoka anatabasamu. Aliulizwa jina la mama yake Vishal, akasema Nirmala. Aliulizwa mume hapendi nini, akasema kuku. Kisha akaingia Vishal. Mimi nilikaa kwenye benchi karibu na mlango, na mlango haukufungwa vizuri, wala sikuusukuma.

"Ilongero mnaishi na nani?"

"Mke wangu, nyumba ndogo tumepanga. Mke mkubwa anakaa kule juu."

"Una wake wawili?"

"Ndiyo. Mkubwa ananidai nguo."

Mungu wangu! Nikashika benchi. Nikasikia kalamu inaandika.

"Mama mkwe wako anaitwa nani?"

Kimya.

"Humjui?"

"Namjua sana."

"Basi mtaje."

"Siwezi."

"Huwezi kwa nini?"

"Siwezi, mheshimiwa. Samahani." Na sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu aliyefundishwa asieleze mambo ya nyumbani kwa wageni. Nani alimfundisha? Ni mimi.

Antipasi akatoka na fomu mkononi. Akasema kwa adabu kwamba majibu hayajamridhisha, kwamba pana sehemu imebaki wazi, na kwamba Ijumaa atakuja mwenyewe kijijini kuona. Siku zilizobaki kwenye muhuri zilikuwa tano.

Njiani Luciana alilia. "Bibi, mruhusu ataje. Neno moja tu!"

"Mila si shuka la kuvua ukisikia joto," nikasema.

"Basi nitaishi Pune nikifuata mila za huko!"

Alilisema hilo, na tulipofika akashuka kwenye bodaboda akaenda kwake bila kuniaga, naye hajawahi kuondoka bila kuniaga. Nikabaki nimesimama na mkoba wangu. Nilipopika siku ile niliunguza mlenda, na watu waliokula kwangu wanajua mimi siunguzi mlenda.

Alhamisi asubuhi Vishal akapiga hodi kama kawaida: "Mke mkubwa, umeamka?" Nikamwita ndani. Nikamwambia, "Kesho afisa akikuuliza, taja. Mimi niliyekufunga ndiye ninayekufungua." Kutamka maneno hayo kulinigharimu, lakini niliyatamka. Akanitazama, akainama, akagusa miguu yangu tena, akasema, "Nitajaribu, Bibi." Nilidhani anatania.

Ijumaa Antipasi akaja na pikipiki ya ofisi. Nilimkalisha sebuleni, nikampa kiti kizuri, na maji ya kunywa. Vishal na Luciana wakakaa kwenye mkeka. Afisa akafungua karatasi zake, akatazama huku na huku.

"Nianze na hili. Huyo mke mkubwa yuko wapi?"

"Ndiye mimi," nikasema.

Akavua miwani. "Wewe, Bibi?"

"Unaona nina kasoro? Tena muulize ile nguo ataleta lini."

Kijana wa watu alijikaza, mdomo ukamcheza. "Ni bibi wa utani," akajisemea, akakata kitu kwenye karatasi. "Sawa. Sasa wewe Vishal. Nakuuliza mara ya mwisho. Mama mkwe wako anaitwa nani?"

Nikamtazama Vishal, nikainamisha kichwa kumpa ruhusa. Luciana alikuwa amefumba macho. Vishal akafungua mdomo. Akaufunga. Akafungua tena. "Anaitwa... anaitwa..." Nami mwili mzima ulikuwa unamsukuma: sema, mume wangu, sema!

Ndipo Elizabeti, ambaye nilimwambia asitoke jikoni hata paa likishika moto, akaingia sebuleni na ungo wa karanga za kumkaribisha mgeni.

Vishal aliruka! Hakusimama, aliruka kutoka kwenye mkeka, akatazama mlango, mlango una mama mkwe, akageukia dirisha, dirisha lina nondo. Akachukua beseni la kunawia lililokuwa kando ya mkeka, bahati halikuwa na maji, akajifunika nalo kichwani, akageukia ukuta. Akabaki hivyo, mrefu vile, amesimama ukutani na beseni kichwani. Elizabeti naye akashtuka, akajifunika uso kwa ungo, karanga zote zikamwagika, akarudi jikoni anakimbia na kuku wanamfuata nyuma.

Nilijua tumekwisha. Nilijua kesho nitapanga nguo za Luciana kwenye begi.

Kisha nikasikia sauti nisiyoijua. Ni Antipasi. Alikuwa amejiinamia magotini, anacheka mpaka machozi yanadondoka kwenye fomu. "Baba yangu," akasema, akashindwa, akaanza tena. "Baba yangu mzazi. Nimekulia mjini, likizo tulikuwa tunakwenda kwa bibi mzaa mama. Baba akimwona bibi kwa mbali anaingia shambani kwenye mahindi, na suti yake! Sisi watoto tulikuwa tunamcheka. Sikuwahi kumsikia akimwita bibi jina. Alisema 'yule mtu wa kule'." Akafuta miwani. "Vishal, toa hilo beseni, ameshakwenda."

"Ni kweli ameshakwenda?" sauti ikatoka ndani ya beseni.

"Amekwenda. Kaa." Akanigeukia. "Bibi, mtu wa ndoa ya kuigiza anakariri majina yote. Angenitajia mama mkwe, na shangazi wa mama mkwe, na tarehe zao. Hawezi kukariri kuruka vile."

Luciana alikuwa ananishika mkono, safari hii hafinyi.

"Lakini," Antipasi akasema, "sehemu hii haiwezi kubaki wazi. Lazima jina liandikwe. Nani ataliandika?"

Vishal akatazama chini. Luciana akanyoosha mkono kuchukua kalamu, nikamwahi. Mimi nilisoma ngumbaro, darasa la watu wazima, nikiwa na Elizabeti mgongoni. Neno la kwanza nililoliandika maishani, kabla ya jina langu mwenyewe, lilikuwa jina lake, kwa chaki, kwenye ubao wa shule. Nikaomba fomu. Antipasi akanionyesha mstari, akanishikia karatasi isiteleze. Nikaandika herufi moja moja, kubwa, hazikukaa zote ndani ya mstari, ile Z ilipanda juu kidogo. ELIZABETI. Kisha pembeni nikaweka jina langu kuwa ndiye niliyeandika, maana alitaka ijulikane.

Akasoma. "Imesomeka vizuri kabisa, Bibi."

"Najua," nikasema.

Aliondoka na mfuko wa karanga tulizookota sakafuni na kuzipepeta upya. Jumatatu simu ya Luciana ikalia yuko zahanati, akaitwa mjini kuchukua hati. Niliijua habari kabla hajafika, kwa sababu nilimwona anakimbia barabarani na viatu mkononi, sare nyeupe, anapunga karatasi hewani kama bendera. Nilipiga vigelegele mpaka Idrissa akatoka nje kuuliza nani ameolewa. "Hajaolewa mtu," nikamwambia, "amebaki mtu!"

Vishal akatusomea hati yote uani, neno kwa neno, na kwenye lile la mtegemezi alipaza sauti makusudi akinitazama. Nikamwambia asome tena. Elizabeti alikuwa jikoni, nyuma ya mlango, anasikiliza. Vishal alipomaliza kusoma, akauelekea ule mlango lakini macho kayapeleka kwenye mashine ya alizeti, akasema kwa sauti, "Mtu wa kule, asante."

"Mwambieni mtu wa huku," Elizabeti akajibu kutoka jikoni, "mlenda uko tayari."