Mfasiri Aliyerudi Nyumba ya Msiba Kuisoma Aya Upya

Mvua imetulia tangu alfajiri. Sadashiva Kedilaya anavua viatu mlangoni kwa akina Urala, nje kidogo ya mji wa Tirthahalli, kusini mwa India, kitabu chake kikiwa kimefungwa kwa kitambaa chekundu na kubanwa kwapani. Anakohoa kuwajulisha wenyeji. Leo hakualikwa kusoma. Amekuja kurekebisha alichokisoma juzi.

"Niko kama fundi bomba," ananinong'oneza. "Niliunganisha vibaya, pakavuja."

Kedilaya, mwenye umri wa miaka sitini na sita, ni mfasiri wa maandiko. Watu humwita majumbani, hasa wakati wa matanga, asome aya za Kisanskriti kwa sauti kisha azieleze kwa Kikannada, lugha ambayo huku tunaitumia kupika, kuposa na kugombana. Kwa kikao kimoja hupata kama rupia mia tano, nazi na kichane cha ndizi.

"Angekuwa fundi simu tungekuwa na gari," mkewe, Indumati, aliniambia asubuhi huku akinimiminia kahawa. "Badala yake nina ndizi. Kula ndizi, mwanangu, usione haya."

Ugumu wa kazi hii hauko kwenye lugha tu. Maneno ni yaleyale, lakini wanaoyasikiliza hawamwoni Mungu kwa namna moja. Wapo wanaofuata walimu wa Umoja: kwao roho na Mungu ni kitu kimoja, na utengano tunaouona ni ujinga wetu. Wapo wa Uwili: Mungu ni Mungu, roho ni roho, na hata katika raha ya milele kila mtu hubaki yeye. Wote ni Wahindu, wanauziana popoo za kutafuna na kualikana harusini. Waguse kwenye aya za mambo hayo ndipo utakapojua kwamba hata ndugu wana mipaka.

Kwa hiyo Kedilaya ana desturi yake. Akifika mlangoni hutazama paji la uso la mwenyeji. Mistari mitatu ya majivu iliyolala ni nyumba ya Umoja. Mstari mweusi uliosimama wima ni nyumba ya Uwili. Husoma kulingana na nyumba.

"Msiba si mahali pa mabishano," anasema. "Mtu akililia baba yake, mpe maji ya kisima chao."

Desturi hiyo ilimfaa kwa miaka mingi. Juzi ikamwangusha.

Aliyemwita ni Chidambara Urala, mkulima wa popoo, aliyefiwa na baba yake, mzee Ramachandra. Chidambara alikuwa na majivu matatu kwenye paji. Kedilaya akasoma aya ya kale inayosimulia mito inavyoingia baharini, akaifasiri kama nyumba za Umoja zinavyoifasiri: mto ukifika hupoteza jina na umbo, wala hakuna tena wa kuitwa mto. Mzee, alisema, hayupo tena kama Ramachandra. Amekuwa bahari. Wanaume wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Nyuma ya mlango wa jikoni alikuwa ameketi mjane, Bibi Vagdevi. Alisimama, akaenda zake chumbani.

Paji la mwanamke halisemi. Wanaume hupakwa alama za walimu wao. Wanawake hupaka kitone chekundu tu, na mjane hata hicho amekifuta. Bibi Vagdevi alizaliwa Udupi, katika nyumba ya Uwili. Alipoolewa akahesabiwa wa nyumba ya mumewe, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama kichwa chake nacho kilihama. Kuuliza si ujinga, lakini Kedilaya hakuuliza; alikuja kuambiwa jana.

Leo ni siku ya kumpikia marehemu. Kwa desturi ya akina Urala, mchele hupimwa kwa mkono wa mjane, kisha tonge la wali huwekwa uani juu ya jani la mgomba. Kunguru akiligusa, ni dalili kwamba marehemu amelipokea, na nyumba nzima hupumua. Bibi Vagdevi amekataa kuugusa mchele.

Chidambara anatupokea barazani. Hajalala, na haoni haja ya kuficha hasira.

"Mwalimu, umetuachia kazi. Mama tangu juzi anauliza swali moja tu: kama baba ameyeyuka, wali tunampikia nani? Nimjibu nini mimi?"

"Niruhusu nimsomee ile aya upya," anasema Kedilaya. "Kwa namna ya nyumba alikozaliwa."

"Ndani ya nyumba hii? Haijawahi kusomwa hivyo humu. Babu yangu angefufuka."

"Akifufuka, nitamfasiria na yeye."

Chidambara anajizuia, kisha cheko linamponyoka, la kwanza tangu msiba, nadhani. Anasogea pembeni tupite.

Bibi Vagdevi ameketi jikoni, mgongo ukutani, pishi ya mchele mbele yake. Kedilaya haingii, anaketi chini kizingitini na kukifungua kitambaa. Anaisoma aya ileile, hapunguzi neno wala haongezi. Kisha anafasiri.

"Walimu wa kwenu, bibi, wanasema hivi. Mto ukiingia baharini, sisi tulio ufukweni ndio hatuuoni tena. Maji yake yamo, na Mungu anayajua yote, haya ya mto huu, yale ya mto ule. Tulioshindwa kutofautisha ni sisi."

Kuku anapita uani.

"Juzi ulisema amekwisha," anasema Bibi Vagdevi.

"Nilisema wanavyosema wa upande wa mumeo. Nilipaswa kukuuliza kwanza. Nilikosea, unisamehe."

"Na wewe je? Unaamini lipi?"

"Mimi ni mfasiri, bibi. Langu halina uzito."

"Usinikwepe, mwalimu. Wewe si ukuta, una mke nyumbani. Nakuuliza kama mtu."

Kedilaya anakifunga kitabu.

"Sijui," anasema. "Nikiwa peke yangu, nikisoma, naona Umoja ni kweli. Lakini nikimwaza mke wangu akitangulia, naomba wa Uwili ndio wawe sahihi."

Bibi Vagdevi anajifuta macho kwa ncha ya sari. Kisha anachota mchele kwa viganja viwili, anaupima, anamwita mkwewe awashe moto. Chidambara, ambaye kumbe alikuwa nyuma yetu muda wote, anaondoka taratibu kwenda kukata jani la mgomba.

Indumati aliposimuliwa jioni alimgeukia mumewe. "Kumbe unanipenda," alisema. "Mpaka nife kwanza ndipo nisikie?" Kedilaya alijifanya anatafuta miwani.

Tangu siku hiyo amebadili kazi yake. Kabla ya kufungua kitabu huomba kusalimiana na wanawake wa nyumba, na huwauliza walizaliwa wapi na kwao walisomewa vipi. Baadhi ya wanaume wamenuna. Nyumba mbili hazimwiti tena. Anasema ndizi zimepungua, lakini analala usingizi.

Mpango wake sasa ni kuipata aya ya mito kwa Kikannada kisichoegemea upande wowote, ili mjane na mtawa waisikie wakiwa chumba kimoja. Amejaribu mara nyingi. Kila akiandika, anasema, inalalia upande mmoja.

Anataka awe ameipata kabla ya kumbukumbu ya mwaka ya mzee Ramachandra, maana Bibi Vagdevi mwenyewe amemwalika, kwa sharti kwamba asome namna zote mbili.

"Sasa hivi nataka nimkute mume wangu huko aliko," alimwambia. "Hiyo ya kuyeyuka baharini nitaisikiliza nikishachoka kumngoja."

"Nitaenda," anasema Kedilaya. "Na nikimwona hajachoka, nitaanza na ya kwao."