Kitenzi cha Mwalimu Bisoti

Dada yangu alifundisha Kiingereza katika sekondari ya kutwa mpaka akastaafu, na miaka yote hiyo wanafunzi hawakumwita kwa jina lake. Walimwita Mwalimu Bisoti. Alijua. Siku moja alikuta wameliandika jina hilo kwa chaki kwenye mlango wa darasa. Akaichukua chaki, akalirekebisha liandikwe kama Waingereza wanavyoliandika, kisha akaingia kufundisha.

Jina lilitokana na jinsi alivyofundisha vitenzi vile vya Kiingereza vinavyobadilika vibaya, visivyofuata kanuni yoyote. Hakutaka tuvikariri kimyakimya. Darasa zima lilitakiwa kugonga madawati kwa vidole, pigo moja kwa kila umbo: speak, spoke, spoken, bring, brought, brought. Mwalimu wa hesabu wa chumba cha pili alilalamika kwamba amepangiwa kufundisha jirani na karakana ya seremala. Na kila kipindi kilipokaribia kwisha, dada alituimbisha kitenzi chake cha kufungia: beseech, besought, besought. Hakikuwahi kutoka kwenye mtihani. Redioni hukisikii. Ukikitumia dukani, mwenye duka atadhani unaumwa.

Nilikuwa mmoja wa wanafunzi wake, na kwa kuwa nilikula naye meza moja, nilijipa ruhusa ya kumuuliza kwa nini anatupotezea muda. Alikuwa anapiga pasi sketi yake ya kazini. Hakuinua uso.

"Mdogo wangu, ukitaka chumvi kwa jirani, unaomba. Akikunyima, unakwenda nyumba ya pili. Lakini ipo siku utapiga magoti mbele ya mtu ambaye akikataa, huna pengine pa kwenda. Siku hiyo huombi, unasihi. Waingereza nao wanalo neno lao la siku hiyo."

Basi akaanza kunionyesha neno hilo linakokaa. Liko kwenye hadithi zao za zamani, mama anaposhika pindo la joho la hakimu. Liko kwenye barua za wapenzi waliokwisha kuachwa ila hawajakubali. Liko kwenye macho pia, maana waandishi wao hupenda kusema macho ya fulani yalikuwa beseeching, hata ya mbwa aliyefungiwa nje wakati wa mvua. Zaidi ya kote liko kwenye sala zao za kanisani. Aliniambia wapo wanaoandika beseeched badala ya besought, na kamusi haiwakatazi. Yeye pia hakuwakataza, ila alikunja uso kama mtu aliyepewa chai isiyo na sukari.

Hakuolewa. Nilipofiwa na mume wangu alihamia kwangu, chumba cha nyuma kinachopakana na bafu, na huko ndiko kiharusi kilikomkuta asubuhi moja akifunga vifungo vya blauzi.

Aliporudi kutoka hospitali mkono wa kulia ulining'inia na maneno yalikuwa yamekwisha. Alikuwa anaelewa kila kitu. Ukikosea jambo alikutazama vilevile kama zamani. Lakini akifungua kinywa ilitoka "ta" tu. Maji yalikuwa ta, dirisha lilikuwa ta, mimi mwenyewe nilikuwa ta. Mwanamke aliyeishi kwa maneno sasa alitumia silabi moja, na alijisikia akiisema.

Kilichoniumiza zaidi ni sala. Dada alikuwa mtu wa kuombea kila kitu, hata kufuli likigoma kufunguka. Mchungaji wetu alipokuja mara ya kwanza alimwambia asali pamoja naye kwa kadiri atakavyoweza. Dada akaanza, "Ta, ta," akajisikia, akafumba mdomo. Mara ya pili aligeukia ukutani. Mara ya tatu alinyoosha mkono uliobaki mzima akamwonyesha mchungaji mlango, mzee wa watu akatoka na kofia yake kifuani. Tangu hapo nikisema tu "Tuombe", alivuta shuka usoni.

Sikuogopa kwamba atakufa. Sote tuko njiani. Niliogopa kwamba ataondoka akiwa amegombana na Mungu, yeye aliyenifundisha kumwita. Nilikuwa nikifua nguo zake naomba kwa ajili ya jambo hilo tu.

Kisha bomba la bafuni likaanza kuvuja. Nikamwita fundi bomba wa mtaani, mwanamume mnene mcheshi ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wa dada. Alisimama mlangoni mwa chumba chake, akavua kofia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Ta," dada akajibu, akageuza uso.

Fundi alinong'ona kuniuliza kama hali ndiyo hiyo. Nikamwambia ndiyo hiyo. Akaniita mama mdogo, akaniomba nikafunge koki kubwa ya nje, kisha akajiingiza chini ya sinki, tumbo likabaki nje. Nati ilikuwa imeshika kutu. Akawa anaigonga kwa spana ili iachie, na kwa kuwa mikono yake ilijifunza kugonga kwa dada yangu, yalimjia yenyewe mapigo matatu matatu. Akaanza kujifurahisha humo chini kama tulivyofanya shuleni: speak, spoke, spoken, bomba likiitikia mpaka chumba cha nyuma. Akaenda hivyo kitenzi baada ya kitenzi. Alipofika "Beseech, besought," spana ikateleza, kidole kikabanwa, akanyamaza akiuminya mkono wake.

Kutoka kitandani sauti ya dada ikasema, "Besought."

Haikukwama. Ilikuwa sauti yake yote, pamoja na ule uchovu wa mwalimu anayesubiri darasa zembe. Fundi alitoka chini ya sinki kwa haraka hata akajigonga kichwa. Tulisimama mlangoni tukimtazama dada, naye anatutazama, kashika mdomo wake kama kitu alichookota njiani.

Mtaalamu wa matamshi wa hospitali hakushangaa sana. Alinieleza kwa upole kwamba nyimbo, hesabu na vitu vilivyokaririwa kwa mapigo huwa na njia yao kichwani, na njia hiyo wakati mwingine hubaki nzima. Akaniambia nigonge naye kila siku, lakini nisitegemee mazungumzo. Tukagonga. Ubao wa kitanda ulijua vitenzi kuliko mimi. Dada alivipitia vyote, na mara nyingine alicheka. Ila nikisema tuombe, shuka ilipanda usoni palepale. Kugonga sawa, kuomba hapana.

Fundi alirudi na koki mpya aliyokuwa ameahidi. Siku hiyo hakutania. Alifunga koki, akafuta mikono kwenye suruali, akabaki amesimama bafuni bila kazi. Nilipomuuliza alisema binti yake mdogo amelazwa, mapafu yamejaa, amewekewa hewa ya mtungi na hafumbui macho. Kisha, kabla sijafikiri la kumwambia, aliingia chumbani kwa dada na kupiga magoti sakafuni.

"Mwalimu, niombee mtoto wangu."

Nilitaka kumshika bega nimtoe. Unamwombaje sala mtu asiye na maneno, na aliyekwisha kumfukuza mchungaji? Nilisubiri shuka ipande.

Haikupanda. Dada alimtazama yule fundi kwa muda mrefu, jitu zima limepiga magoti na vumbi la saruji kwenye nyusi. Akanyoosha mkono wa kushoto, akagonga ubao wa kitanda.

"Beseech," akasema. "Besought. Besought."

Akagonga tena, akasema tena. Safari hii hakuwa anatutazama sisi. Uso aliuinua juu, macho wazi, machozi yakishuka kuelekea masikioni, na kila pigo alilisema polepole kuliko lililotangulia. Hakuwa anakariri. Mtu yeyote angejua kwamba kuna anayesemeshwa. Nikajikuta nami niko chini, kando ya fundi.

Akaendelea hivyo, sijui mara ngapi. Kisha mkono ukatua, midomo ikahangaika, na likatoka neno ambalo hakuna aliyelianzisha kwa ajili yake.

"Mtoto," dada yangu akasema. "Mtoto."

Binti wa fundi alipona. Madaktari walifanya kazi yao na ninawashukuru. Siwezi kudai zaidi ya ninachokijua. Ninachokijua ni kwamba maneno yote ya kuombea chumvi yalimtoka dada yangu, na Mungu akamwachia lile la siku ya magoti.

Aliishi miezi kadhaa baada ya hapo. Sentensi nzima hakuisema tena. Lakini mchungaji alipokuja safari iliyofuata, akachungulia kwanza kama mtu anayeingia kwenye banda la kuku wakali, dada alimwonyesha kiti. Mchungaji akakaa. Dada akaanza kugonga ubao.

Mchungaji, ambaye Kiingereza chake ni cha kusalimia tu, aliniinamia akaniuliza dada anasema nini.

"Anaomba, mchungaji."

"Anaomba nini?"

Nikamwambia sijui, hilo ni lao wawili, yeye na Mungu. Akaitikia kwa kichwa, akaweka kofia sakafuni, akafumba macho, nami nikafumba yangu.