Nyanya Alipoacha Kuitikia

Juzi mwanafunzi wangu alimsomea mwenzake hadithi aliyoitunga. Mwenzake alipoacha kuitikia, yeye akaongeza kasi. Nikakumbuka alasiri moja nyumbani kwetu Isiolo, chai ya maziwa ya ngamia ikinukia moshi.

Mjomba alikuwa amefika kutoka Sericho kumwomba nyanya akae na binti yake, Halima, ili asome mjini. Kwetu msikilizaji huitikia kila sentensi, na nyanya aliitikia vizuri: "Eeh. Eeh." Mjomba alianza na Halima akiwa kisimani, lakini alipogeukia kusifu ngamia wake, sauti ya nyanya ikakatika. Nilidhani amesinzia, nikamgusa goti.

"Niache, niko macho," akasema. "Mjomba wako ndiye amepotea." Akamgeukia mjomba: "Wewe, rudi pale kisimani ulipomwacha mtoto."

Mjomba akacheka, akaeleza jinsi Halima alivyongoja maji tangu alfajiri huku wenzake wakipita kwenda shule. "Eeh" ikarudi, safari hii polepole.

"Mlete," nyanya akasema.

Siku hizi nikirekebisha hadithi, humsomea mtu kwa sauti, na anaponyamaza naweka alama hapo. Mara nyingi mtu huyo ni Halima, na hanihurumii hata kidogo.